Samaki Anayehema Haombi Pumba

Iko siku moja, mwanangu Kabula, ambayo miaka yote hii imeshindwa kuniondolea kichwani, na juzi umeirudisha nzima kwa simu. Ulinitumia video ya bwawa lako hapo Mikumi, asubuhi na mapema, samaki wamejaa juu ya maji wamefungua midomo, na sauti yako inasema kwa furaha: "Shikamoo baba mkubwa. Ona watoto wangu wanavyonipokea, wakiniona tu wanakuja kuomba chakula. Leo nimewaongezea ndoo nzima." Nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Magomeni ya Kilosa na kikombe cha chai mkononi, na ile chai sikuimaliza. Marahaba nilikupa baadaye. Kwanza nilikupigia nikakuambia uweke ndoo chini, ufungue maji, maswali yasubiri. Ukaniitikia vizuri, ila kwenye sauti yako nilisikia kwamba umenitii bila kunielewa, na utii wa namna hiyo haudumu. Ndiyo maana leo nimeamua kukuandikia kwa kituo. Haraka haraka haina baraka, na lile la haraka tumeshalifanya.

Wewe ni binti wa mdogo wangu, na kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto, kwa hiyo nakuambia kama ninavyowaambia niliowazaa. Ulizaliwa ukakuta ukoo wetu unanuka samaki, ukadhani ndivyo tulivyoumbwa. Sivyo. Sisi tulishuka huku kutoka upande wa ziwa tukiwa na ng'ombe, na babu yako alipofika Kidodi alichoka, akasema hapa panatosha. Mimi nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza. Kazi yangu ilikuwa kufuata ng'ombe katikati ya miwa ya watu upande mmoja na mahindi ya watu upande wa pili, na malori ya miwa yakipita yanatumwagia vumbi. Ng'ombe akikosea hatua amekula shamba la mtu, na wewe jioni unaitwa kwa balozi wa nyumba kumi kujibu. Nilikuwa nimechoka kuomba radhi kwa niaba ya ng'ombe.

Lakini mahali penyewe nilipapenda. Nilitaka kukaa, mwanangu. Nilikuwa nimehama utoto mzima, na sasa nilitaka kupanda mti nikae niuone ukikua. Nikamwomba babu yako kile kipande cha ardhi yenye majimaji kando ya mfereji unaoteremka kutoka milimani, nichimbe bwawa nifuge samaki.

Babu yako alinitazama kama niliyemwomba ruhusa ya kufuga upepo.

"Mali yetu sisi inalia," alisema. "Ng'ombe akiumwa analia, mbuzi akipotea analia. Hiyo yako ikipata shida utajuaje?"

"Nitaiona, baba."

"Haya. Nakupa mpaka mvua za vuli. Ukishindwa na hao wa majini, utawafuata hawa wa nchi kavu. Baba yako mdogo anahamia kusini kutafuta malisho, utakwenda naye."

Kusini maana yake ilikuwa miaka. Nilikuwa nimewaona vijana waliokwenda huko wakarudi wageni nyumbani kwao, hawajui hata mlango wa mama zao uligeukia wapi. Nikasema moyoni kwamba hawa samaki lazima waishi, na nikashika jembe.

Sasa mimi nilikuwa na ule ugonjwa wetu watu wa ziwani: tunadhani samaki wote wa dunia ni binamu zetu. Wenyeji waliita perege, mimi nikasema huyo ni sato tu amehamia, namjua. Nilipomaliza kuchimba nikakata miti yote iliyokuwa kandokando, kwa sababu majani yalikuwa yanaanguka majini na ndege mdiria alikuwa anakaa matawini akingoja vifaranga vyangu. Bwawa likabaki wazi, jua linaingia kuanzia linapochomoza mpaka linapozama, nami nikaona limependeza. Watu wawili watatu waliniambia penye miti hapana wajenzi, nikadhani wananisifu. Vifaranga wengine nilipewa na jirani hapohapo Kidodi. Wengine niliwafuata Lumuma, kule maji yanakotoka mlimani ya baridi mpaka jino linauma, nikawabeba kwenye madumu, nikafika mchana nikawamimina wote pamoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikufikiri kwamba mgeni naye anatakiwa apone.

Ng'ambo ya mfereji palikuwa na bustani ya Bi Mwajuma. Huyu alikuwa Msagara wa Kilosa aliyeolewa Kidodi, mama wa rika la mama yangu, mtu wa swala tano na ulimi mmoja mkali sana. Wazee husema Wasagara na sisi ni watani tangu enzi za wapagazi, babu zetu walipokuwa wakipita Kilosa na mizigo kichwani. Kwa hiyo Bi Mwajuma aliniita Mpagazi tangu siku ya kwanza. Mimi humwamkia shikamoo, yeye huitikia marahaba kwa heshima zote, halafu ndiyo huanza: "Mpagazi, babu yako alilala kwetu akaondoka na mkeka wetu. Lini unaurudisha?" Salamu kwanza, matusi baadaye, hiyo ndiyo adabu ya utani. Kijana wa leo anaanza na matusi na salamu hana, halafu anasema ananitania.

Mwaka ule vuli ilichelewa. Joto lilikuja mapema likakaa. Maji ya mfereji yakawa membamba, watu wakawekeana zamu, na zamu yangu ikawa inapita muda mrefu kabla ya kurudi. Nilikuwa nikitia mguu ukingoni mwa bwawa nakuta maji ya kuoga mzazi.

Samaki walianza kubadilika, na nilikuwa nikiona kila kitu, maana nilikaa pale kutwa. Kuona niliona, ila kila nilichokiona nilikipa maana niliyoipenda. Madume walikuwa wamechimba viota vyao chini, mashimo ya mviringo kama mabakuli, wakivilinda kwa ukali. Wakaviacha. Nikasema wamekua, wameacha utoto. Halafu wote wakasogea kwenye kona ya mfereji, pale uzi wa maji ya baridi ulipokuwa unaingia, wakajazana hapo wamebanana wakati sehemu kubwa ya bwawa ni tupu. Nikasema wananingoja, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nawamwagia pumba. Mwisho wakaanza kupanda juu alfajiri, midomo wazi, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga. Nikasema hawa wana njaa.

Usinicheke, Kabula, maana juzi ulisema vilevile. Sisi ni watu wa namna hiyo. Mtu akifika kwetu na mdomo wazi hatumwulizi habari, tunasonga ugali kwanza. Nikaongeza pumba. Hawakula. Zikaelea, zikalowa, zikazama, na kesho yake maji yakatoa harufu ya chachu. Walipozidi kufungua midomo nami nilizidi kumwaga. Wale wa Lumuma wakaanza kufa, mmoja leo, kesho wengine, na mimi niliyewatoa kwenye baridi nikawatupa kwenye moto siku moja nikasema ni mbegu dhaifu.

Ndipo ikafika hiyo siku yenyewe. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Nilikuwa nimesimama ukingoni na kiroba kizima cha pumba begani, nimeamua leo niwape washibe. Bi Mwajuma alikuwa anachuma bamia ng'ambo. Tukaamkiana, akaacha bamia, akasimama.

"Mpagazi, unawafanya nini hao?"

"Nawalisha, mama. Wana njaa. Hebu ona midomo."

Akaitazama ile midomo, mmoja baada ya mwingine.

"Jana walikula?"

"Jana walionja tu."

"Na juzi?"

Akaikaza khanga yake kiunoni, akavuka mfereji, akafika pale niliposimama, akakivuta kiroba kutoka begani mwangu, akajitwika.

"Kiroba hiki nimekichukua," alisema. "Ni utani."

Vijana wa sasa hamjui uzito wa neno hilo. Mtani akishatamka hivyo, hunyang'anyi. Ukinyang'anya umewaambia watu wote kwamba nyumba yenu haijui kuishi na wenzao, na ukienda kushtaki kwa wazee watakucheka mpaka urudi nyumbani. Hivyo nilisimama mikono imening'inia. Nilikuwa na hasira kweli. Nilimwona yule mama na chakula cha samaki wangu kichwani, nikaona amebeba safari yangu ya kusini.

Wakati huohuo babu yako akatokea na ng'ombe akiwapeleka kunywa. Bi Mwajuma akamwamkia bila kutua mzigo, maana alikuwa mkubwa kwake.

"Mzee, mwanao nimemnyang'anya mchana kweupe."

"Mtani akichukua amechukua," babu yako akasema, akacheka. "Ila ni pumba za nini?"

Yule mama hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, na mzaha ukamtoka usoni.

"Wewe mchunga ng'ombe. Ng'ombe wako akisimama saa saba mchana anahema, ulimi nje, mbavu zinakwenda mbio. Unampa pumba?"

"Hapana."

"Unampa nini?"

"Nampeleka kivulini. Nampa maji."

"Mbona usimpe pumba, naye mdomo wake uko wazi?"

"Kula kunamzidishia joto," nilisema, na hapohapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. "Akila akiwa katika hali hiyo anaweza kuanguka."

Babu yako hakumtazama Bi Mwajuma. Alinitazama mimi, kisha akayatazama maji.

"Mimi samaki siwajui," Bi Mwajuma akasema. "Ninachokijua ni kuhema. Mume wangu ana pumu. Akibanwa, majirani wote wanakuja na uji. Wanampenda, wanamjazia chumba, wanamziba."

Nikachuchumaa ukingoni. Kwa mara ya kwanza nikaacha kutazama midomo, nikatazama matamvua, yale yanayofunguka nyuma ya shavu. Yalikuwa yanakwenda mbio kama mbavu za ng'ombe niliyemtaja. Mwili umetulia kabisa, mkia hautikisiki, matamvua tu yanapigapiga. Wale samaki walikuwa wanatafuta hewa.

Mengine nilikuja kuyaelewa baadaye, mwaka hadi mwaka, kwa kuuliza wajuao na kwa kukaa kando ya maji. Samaki hana joto lake mwenyewe kama wewe na mimi. Maji yakipata joto, naye amepata joto, hana koti la kuvua. Mwili wake ukipata joto unakwenda mbio na kudai hewa zaidi, na kumbe maji ya moto yanashika hewa kidogo kuliko ya baridi. Basi anadai zaidi pale palipo na kidogo. Ukimpa chakula, kukisaga tumboni nako kunataka hewa, kwa hiyo mwenye akili hugoma kula. Chakula alichokiacha kinaoza, na kuoza kunakula hewa iliyobaki. Alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ule ukijani wa majini nao unahema usiku kucha bila jua la kuulipa. Ndiyo maana unawakuta juu asubuhi, wanaramba utando wa juu wa maji ambao umegusana na upepo. Mimi nilikuwa naudondoshea pumba huohuo utando.

Na liko lililoniuma kupita yote. Perege jike hubeba mayai yake mdomoni, na yakianguliwa huwabeba watoto humohumo, na muda wote huo hali. Yule mwenye mdomo uliofumba ndiye mwenye mzigo. Siku ile walikuwa wamefungua midomo, maana pumzi ilikuwa imewashinda, na watoto walikuwa wamemwagika ukingoni, vidoti vyeupe visivyocheza. Mama alikuwa amelazimika kuchagua. Niliwaokota kwa kiganja nikaona aibu mbele ya viumbe ambao hata sauti ya kunilalamikia hawakuwa nayo.

Bi Mwajuma akatua kiroba upande wake wa mfereji, akarudi.

"Zamu ya maji leo ni yangu. Geuza mfereji uje kwako."

"Na nyanya zako, mama? Ziko kwenye maua."

"Nyanya hazihemi. Geuza."

Nikageuza. Babu yako akawaacha ng'ombe kwa watu wengine wa nyumbani, akashika panga, akaenda kukata matawi na kukusanya mabua, nasi tukasimamisha nguzo na kuezeka kivuli juu ya ile kona ya mfereji. Nilikuwa sijamwona mzee yule akiinama kwa ajili ya kitu kisicho na pembe. Bi Mwajuma akaleta bomba la mwanzi, akalitegesha juu ya mawe ili maji yasiingie kimya kimya bali yaanguke, yapigwe na upepo kwanza. Mimi nikaingia na debe, nachota, nainua juu ya kichwa, namwaga, nachota, nainua, mpaka debe likanishinda. Pumba zilizooza nilizikomba chini kwa ungo. Kufika jua la utosini, wale wa juu walikuwa wameanza kushuka na kujipanga chini ya kivuli, nyuso zao zimeelekea maji yanapoingia.

Wengi walikufa hata hivyo, sikufichi. Wa Lumuma walikwisha karibu wote. Waliobaki hawakuonja pumba kwa siku kadhaa, na hakuna aliyekufa kwa njaa. Zile nyanya ziliangusha maua, na Bi Mwajuma hakuzitaja tena isipokuwa kwa utani, akisema mpagazi mmoja ameiba mkeka na mwingine ameiba kachumbari.

Mvua iliponyesha, baba yangu mdogo alikuja kunichukua kama walivyokubaliana. Fimbo yangu ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Babu yako alikuwa anakunywa maziwa, akafuta mdomo taratibu, akasema, "Huyu ana wagonjwa majini. Akienda, nani atakaa nao?" Baba mdogo akaondoka na ng'ombe, nami nikabaki. Nilipanda miti upya mwaka huohuo, upande wa magharibi ambako jua la mchana linauma zaidi, na wale mdiria nikawaachia sadaka yao.

Kiroba hakikurudi. Kila Idi nilikwenda kula pilau kwake nikamkumbusha, na kila Krismasi alikuja kwetu akanijibu kwamba mkeka kwanza.

Nimejifunza pia kwamba samaki anafundishika joto, ila anafundishwa polepole. Nilipofuata tena vifaranga Lumuma niliondoka nao asubuhi, nimefunika madumu kwa gunia bichi. Nilipofika nikayaweka madumu ndani ya bwawa, kivulini, yakae mpaka maji ya ndani na ya nje yafanane. Kisha nikawaongezea maji ya bwawa kikombe kwa kikombe, ndipo nikainamisha dumu wakatoka wenyewe. Wale waliishi, na watoto wao wakavumilia joto ambalo lingewaua wazazi wao siku ya kwanza. Lakini kuzoea kuna mwisho wake, mwanangu. Siku hizi kiangazi kinaingia kabla hakijaalikwa na hakitoki kinapoagwa. Maji ninayoyatia mguu nikipita Kidodi siyo yale ya ujana wangu. Kambale atajitahidi, kwa sababu ameumbwa na njia ya kumeza hewa ya nje. Perege hana njia hiyo. Usimpime mmoja kwa mwenzake, na usiseme mbona juzi walivumilia, maana hujui walivumilia kwa kiasi gani kilichobaki.

Ngoja nikumalizie habari za Bi Mwajuma, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa alichonifundisha. Miaka michache iliyopita, katika joto kama hili, nilisikia anaumwa sana. Nikapanda basi kutoka Kilosa mpaka Kidodi. Nikakuta chumba cha bati kimejaa wanawake, madirisha yamefungwa ili mgonjwa asipigwe na upepo, na mkwe wake, mwanamke mwema kabisa, amekaa kitandani na bakuli la uji. Yule mama mzee alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Mkwe alikuwa akisema kwa upole, machozi yanamtoka, "Kula, mama. Jamani, anafungua mdomo, ana njaa," na kijiko kinakwenda.

Nilimtazama Bi Mwajuma shingoni. Pale chini ya koo palikuwa panapiga mbio.

Nikasema shikamoo, ingawa hakuna aliyeniitikia. Nikanyoosha mkono nikalitoa lile bakuli mkononi mwa mkwe. "Bakuli hili nimelichukua," nikasema. "Ni utani." Wakaniangalia mimi mzee mwenye mvi kana kwamba nimepagawa, lakini walikuwa watu wa Kidodi, hawakuninyang'anya. Nikawaomba watoke. Nikafungua madirisha. Vijana wawili wakanisaidia kubeba kitanda mpaka barazani, upande unaopokea upepo wa mlimani, tukampandisha kwa mito akae. Nikatuma watafute gari la kwenda hospitali. Tulipokuwa tunangoja, pumzi yake ilianza kupata nafasi, kidogo kidogo. Akafumbua macho, akaniona nimesimama na bakuli la uji kama mwizi.

"Mpagazi," akasema, kwa sauti ya kusikika kwa shida. "Kiroba sirudishi."

Nililia hapo, Kabula, mbele ya watu, na sikujali. Alitibiwa, akaishi kuziona mvua za mwaka ule, akafa na mvua za uliofuata. Matangani nilimdai kiroba changu kwa sauti kubwa, kama mila inavyotaka, wanawe wakacheka huku wanalia.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Asubuhi ukifika bwawani, kabla hujagusa ndoo, chuchumaa utazame matamvua. Yakienda mbio, usilishe. Fungua maji na uyaangushe kutoka juu, weka kivuli, komba kilichooza. Ukiona wamekimbilia kona moja, jiulize kona hiyo ina nini ambacho kwingine hakuna. Wakitulia na jua likiwa limepanda kidogo, wape kidogo, na wasipokikimbilia, acha. Chimba sehemu moja iwe na kina kirefu ili wapate pa kujificha jua la mchana. Na miti, mwanangu, usiikate.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya samaki peke yake. Utakuwa na mume, utakuwa na watoto, utakuwa na wagonjwa, na kuna siku mmoja wao atafungua mdomo mbele yako. Moyo wako ni mwepesi wa kutoa, nakujua tangu ulipokuwa unagawa ugali wako kwa paka. Usitoe kabla hujatazama. Uliza kwanza huyu amekosa nini. Huenda ni chakula, huenda ni nafasi tu ya kuhema, na kile unachokimwaga kwa mapenzi ndicho kinachomziba.

Ningekuwa mtani wako ningepanda basi kesho nije nikunyang'anye hiyo ndoo, na usingekuwa na la kusema. Lakini mimi ni baba yako. Siruhusiwi kuichukua. Naweza tu kukuomba uiweke chini mwenyewe.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya mikono ya kutoa. Maji yako yapoe, miti yako ikue uione, na wote watakaokukimbilia katika joto lao wakute kwako kivuli na hewa. Amina, mwanangu.